Anza na ngisi wa Feri: mwongozo kamili wa kuingia kwenye biofizikia ukiwa Mtwara au Lindi

Kila mwaka kidato cha tano kinapoanza, hakosi mwanafunzi wa kunifuata baada ya kipindi na swali lile lile: "Mwalimu, mimi fizikia naipenda, ila nyumbani wanataka nisome mambo ya afya. Nichague lipi?" Zamani nilikuwa nawaambia wachague moja, wasipoteze muda. Niliwajibu vibaya wengi. Siku hizi namuuliza kama ana elfu chache mfukoni, kisha namtuma Feri, soko la samaki, akanunue ngisi.

Mwongozo huu ni wa mwenye swali hilo, awe Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Nachingwea au Kilwa. Biofizikia ni kukitazama kiumbe hai kwa jicho la mtu wa fizikia: unauliza nguvu kiasi gani, volti ngapi, kwa kasi ipi, na huridhiki mpaka namba itoke. Watu wanaofanya kazi hiyo wamejaa duniani, wana vyama, majarida na mikutano yao. Mlango wao hauko wazi kama soko, lakini haujafungwa kama wengi wanavyodhani. Anayebisha akiwa na kipimo mkononi husikilizwa kuliko anayebisha na cheti peke yake. Kwa hiyo tunaanza na vipimo, vyeti baadaye.

Hatua ya 1: Ione neva kwa macho yako

Ngisi huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wahi alfajiri boti zinaporudi. Msalimie muuzaji vizuri, mwambie unataka ngisi mzima, wa leo, asiyepasuliwa wala kutolewa wino, mkubwa kadiri mfuko wako unavyoruhusu. Ukimwambia unamtaka kwa ajili ya neva atacheka. Mwache acheke, wangu hunipunguzia bei kwa sababu ya kichekesho hicho. Kabla hujaondoka, chota maji ya bahari kwenye chupa. Utayahitaji, maana ukiuosha mwili wake kwa maji ya bomba seli zitavimba na utaharibu ulichokuja kukitafuta.

Nyumbani, mlaze chali. Mgongoni ana kile kitu kigumu chembamba kama plastiki. Upande huo usiuguse. Kata kwa mkasi upande wa tumbo, wenye mrija wa kutolea maji, kuanzia shingoni kuelekea mkiani, kisha mfungue kama kitabu. Ondoa matumbo polepole bila kupasua mfuko wa wino. Sasa tazama ukuta wa ndani wa nyama, karibu na shingo, kulia na kushoto. Kila upande utaona kifundo cheupe chenye nyuzi zinazotawanyika kama miale ya nyota. Ufuate uzi mrefu zaidi unaoelekea nyuma. Ndani yake umo uzi mmoja wa neva ambao kwa ngisi wakubwa unaweza kufika karibu milimita moja kwa unene. Nyuzi za neva zako nyingi hazifiki hata sehemu ya hamsini ya hapo.

Mwaka 1936 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, J. Z. Young, aliwaonyesha wenzake kwamba nyuzi hizi nene ni neva. Unene huo ndio uliowapa Alan Hodgkin na Andrew Huxley nafasi ya kuingiza waya mwembamba ndani ya neva na kupima volti zake. Walianza Plymouth mwaka 1939, vita vikawakatiza, wakachapisha kazi yao kamili mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Nobel pamoja na John Eccles. Huxley alipiga hesabu zile kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, siku baada ya siku, mpaka milinganyo ikamwambia kwamba ishara inapaswa kusafiri mita 18.8 kwa sekunde. Ngisi alipopimwa alitoa mita 21.2. Kila ninapoisoma hadithi hii nasimama hapo: mtu anazungusha mpini, na kutoka kwenye karatasi inatoka kasi ya kiumbe aliyekuwa anaogelea baharini.

Wewe una kikokotoo, kazi yako ni nyepesi. Ndani ya neva ya ngisi kuna potasiamu takriban milimola 400 kwa kila lita. Nje kuna kama 20. Gawanya 20 kwa 400, bonyeza kitufe cha ln, zidisha kwa 25.3. Unapata takriban −76. Hizo ni milivolti, na ndiko utando wa neva iliyotulia unakoelekea kuegemea. Rudia kwa sodiamu: nje 440, ndani 50, jibu ni kama +55. Ishara ya neva, kwa ufupi, ni utando kuiachia sodiamu mlango ghafla, kuruka kuelekea ile +55, kisha kuirudia potasiamu. Ile 25.3 ni ya nyuzi joto 20. Kwa joto letu la nyuzi 28 tumia 25.9 uone namba zinavyosogea.

Ukimaliza, ngisi mpike kwa nazi. Hakuna sababu ya kumtupa.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe, na muhogo

Kuona tu hakutoshi. Jaribio hili la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, linahitaji mizani ndogo ya kidijitali yenye kusoma angalau sehemu ya kumi ya gramu, sukari, bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa (bila sindano yenyewe), vikombe vitano vinavyofanana na muhogo mmoja mkubwa, mbichi.

Pima sukari gramu 51.3, itie kwenye chupa, ongeza maji na ukoroge mpaka iyeyuke, kisha jazia maji mpaka yote kwa pamoja yafike mililita 250. Angalia vizuri hapo: hutii maji mililita 250 juu ya sukari, unajazia mpaka jumla ifike 250. Wengi hukosea hapa halafu wanalaumu muhogo. Ulichopata ni mchanganyiko wa mola 0.6 kwa lita. Kikombe cha kwanza tia maji matupu mililita 100. Cha pili, maji 75 na sharubati yako 25. Cha tatu, 50 kwa 50. Cha nne, maji 25 na sharubati 75. Cha tano sharubati tupu 100. Sasa una 0, 0.15, 0.3, 0.45 na 0.6.

Menya muhogo, epuka ile kamba ya katikati, ukate vipande 15 vya mchemraba wa sentimita moja na nusu. Vitatu vitatu, vifute kwa kitambaa, vipime pamoja, andika, vitumbukize. Baada ya saa mbili vitoe, vifute, vipime tena. Kokotoa mabadiliko kwa asilimia na uchore grafu: mkolezo wa sukari chini, mabadiliko ya uzito pembeni. Vilivyokaa kwenye maji matupu vitakuwa vimenenepa, vya kwenye sukari nyingi vitakuwa vimenyauka. Mahali mstari unapokata sifuri ndipo muhogo na maji ya nje vinalingana nguvu.

Mwaka wa kwanza nilipofanya jaribio hili na darasa langu, grafu ilipanda na kushuka kama barabara ya vumbi baada ya masika. Juma zima tulitafuta kosa kwenye hesabu. Kumbe makundi mawili yalifuta vipande kwa kitambaa na mengine yaliviokota tu na kuvikung'uta. Tangu siku hiyo anayefuta ni mtu mmoja, kwa kitambaa kimoja, kwa idadi ile ile ya mifuto.

Tuseme mstari wako umekata kwenye 0.3. Badili kuwa mola 300 kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 8.314, kisha kwa 301 ambayo ni nyuzi 28 kwa kipimo cha Kelvini. Unapata kama paskali 750,000, zaidi ya mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Mzizi uliolala kimya shambani una uwezo wa kuvuta maji kwa kanieneo ya namna hiyo. Vipande ulivyotumia usile wala usiwape kuku. Baadhi ya mihogo ina sumu ya sayanidi, na wewe hukuipika.

Hatua ya 3: Fungua protini kwenye simu

Hapa ndipo fizikia na hospitali zinapokutana. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli, na bila shaka mtaani kwenu unamjua mmoja. Ingia kwenye Benki ya Data za Protini, hazina ya bure ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971 na maumbo 7 tu, leo yamepita 200,000. Tafuta 4HHB, ambayo ni hemoglobini (protini ya damu inayosafirisha oksijeni) ya kawaida ikiwa haijabeba oksijeni, kisha 2HBS, ambayo ni ya sikoseli. Kwenye mnyororo wa beta hesabu asidi amino mpaka ya 6. Katika ya kwanza utakuta glutamati, katika ya pili valini. Tofauti ni hiyo tu. Lakini valini huyakimbia maji, na kwenye 2HBS utaiona imejichomeka kwenye kijishimo cha hemoglobini ya jirani. Jirani naye anashika mwingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoipinda seli kama mundu.

Picha hizi ni nzito kwa simu ya bei nafuu. Bando likikusumbua, tumia kompyuta za shule jioni wakati hakuna foleni.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1974 Hofrichter, Ross na Eaton walipima muda unaopita kabla kamba hizo hazijaanza kuota. Walikuta muda huo unategemea mkolezo wa hemoglobini kwa kipeo cha takriban 30. Siyo 2, siyo 3: thelathini. Piga 1.1 kwa kipeo cha 30 uone: ni zaidi ya 17. Kwa hiyo seli ikipoteza maji kidogo na mkolezo ukapanda kwa asilimia 10, kamba zinaanza mapema zaidi ya mara 17. Muuguzi anapomwambia mama "mtoto anywe maji ya kutosha", nyuma ya maneno yale kuna kipeo hicho. Hesabu hii haichukui nafasi ya kliniki, lakini inaeleza kwa nini kliniki inasema inachosema. Ukitaka kujua upande wa tiba hapa nchini, soma kazi za Profesa Julie Makani na wenzake wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili.

Hatua ya 4: Pata swali lako

Swali zuri lina kitu unachoweza kupima na jibu usilolijua. "Nataka kusoma DNA" si swali. "Mbu wa jike na wa dume wanavuma kwa sauti tofauti kiasi gani, na simu yangu inaweza kuzitofautisha?" hilo ni swali, na vifaa vyake unavyo chumbani. Watu wa mikorosho nao wana maswali yasiyoisha kuhusu unyevu wa punje na vumbi la salfa linavyoganda kwenye majani. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele kiko hapo hapo Mtwara, na kubisha hodi kwa barua ya shule hakuna gharama.

Watu wa Lindi wana swali lao la urithi. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, ikabebwa na wapagazi mpaka bandarini Lindi na kwenda Berlin. Dinosaria mmoja, Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho kule akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Tuseme alibeba kichwa mita 8 juu ya moyo. Zidisha 1,060 (uzito wa damu kwa mita ya ujazo) kwa 9.8, kisha kwa 8, ugawe kwa 133 kupata kipimo cha presha kinachotumika hospitalini. Inatoka zaidi ya 620, na hiyo ni ya kuinua damu tu. Wewe ukiwa mzima ni 120. Moyo gani ungeweza? Wataalamu bado wanabishana kama mnyama yule alisimamisha shingo au aliilaza mbele. Kipisi cha karatasi na hesabu ya kidato cha tatu vinakuingiza kwenye ubishi huo.

Hatua ya 5: Masomo na vyuo

Hapa sitakaa sana. Kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usisubiri kulikuta neno biofizikia, pita mlango wa jirani: fizikia au biolojia ya molekuli na bioteknolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au uhandisi wa vifaa tiba MUHAS. Kwa tahasusi, PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PCB (fizikia, kemia, biolojia) zote zinafika. Mtu wa PCB asiidharau hesabu ya ziada, na mtu wa PCM ajisomee biolojia ya seli. Ukiniuliza mimi, anza na fizikia au kemia kisha uongeze biolojia, kwa sababu mtu mzima hujifunza biolojia kwa kusoma, lakini kalkulasi humshinda akiichelewa. Wenzangu wa biolojia watanisamehe.

Jifunze pia kuandika programu kwa Python. Ile milinganyo ya Huxley leo inaingia kwenye mistari isiyofika 60, na unaweza kuiendesha bure mtandaoni.

Baada ya digrii ya kwanza, mlango ninaousisitiza ni ICTP, kituo cha fizikia kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Kina diploma ya mwaka mmoja baada ya digrii, na moja ya fani zake ni sayansi za uhai kwa hesabu. Hulipi ada na unapewa posho. Karibu zaidi kuna AIMS, taasisi ya Kiafrika ya hisabati, nchini Rwanda, kwa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati, nayo kwa ufadhili.

Hatua ya 6: Ijue jamii yenyewe

Chama kikubwa ni Biophysical Society cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1958. Jarida lake, Biophysical Journal, linatoka tangu 1960, na mkutano wake wa mwaka, ambao kawaida huwa Februari, hukusanya maelfu ya watu. Wanafunzi wana kiwango chao cha ada, na kuna misaada ya nauli inayogombaniwa. Ndani yake kuna vikundi vidogo: wa utando wa seli, wa mwendo wa seli, wa protini zisizo na umbo maalumu. Anza na kikundi, maana katika chama kizima utapotea. Juu ya vyama vya nchi mbalimbali kuna IUPAB, muungano wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1961.

Moyo wa mikutano hii ni ukumbi wa mabango, kuliko hotuba kubwa za jukwaani. Unabandika karatasi yako ukutani, unasimama mbele yake saa mbili, na yeyote anapita kukuuliza, hata mwenye Nobel. Jifunze kueleza kazi yako kwa dakika moja, halafu kwa dakika tano. Fanya mazoezi kwa mtu asiyejua fizikia. Mimi nilifanya mbele ya shangazi yangu akimenya korosho, na swali lake la kwanza, "sasa hiyo inamsaidia nani?", ndilo lililoulizwa pia na mgeni wa kwanza kusimama kwenye bango langu.

Ukipata nafasi ya kwenda nje, viza ianze mapema. Balozi nyingi ziko Dar, na kutoka Mtwara kwa basi ni zaidi ya kilometa 550 kwenda tu.

Kwa kusoma bila pesa: kuna hazina za makala mtandaoni, arXiv tangu 1991 na bioRxiv tangu 2013, na makala zake ni bure kabisa. Chuo chako kikiwa kimejiandikisha kwenye mpango wa Research4Life, majarida mengi ya kulipia yanafunguka. Muulize mkutubi, wengi hawaulizwi kamwe. Ukiisoma makala, anza na michoro na maelezo yake, kisha hitimisho, kisha rudi kwenye mbinu.

Tahadhari moja. Siku utakapoandika chochote, barua pepe zitaanza kukualika kwenye mikutano ya kifahari na majarida yanayochapisha kwa siku tano. Mimi niliitwa "Profesa mashuhuri" nikiwa bado nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Nikafurahi, nikaanza kutafuta pesa ya kiingilio. Aliyeniokoa ni mwenzangu aliyeniuliza jina la mtu mmoja ninayemfahamu aliyewahi kwenda. Sikuwa nalo. Uliza swali hilo kila mara.

Hatua ya 7: Andika barua

Usiandike "naomba nafasi" kwa watu hamsini. Mwandikie mmoja ambaye makala yake umeisoma, kwa aya mbili. Kwa mhadhiri wa nyumbani, mfano wake ni huu:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara. Nimepima osmosisi ya muhogo kwa sukari, mara nne. Muhogo wa siku ya kuchimbwa na wa siku ya tatu unanipa namba tofauti, na tofauti hiyo inajirudia. Nahisi wanga unageuka sukari, ila sijui namna ya kuthibitisha kwa vifaa vya shule. Je, kuna kipimo ambacho ungenishauri? Nimeambatanisha jedwali na grafu."

Kwa mtafiti wa nje iandike kwa Kiingereza, ondoa shikamoo, bakiza kipimo. Tuma asubuhi ya siku ya kazi. Majuma mawili yakipita bila jibu, kumbusha mara moja tu, kisha mwandikie mwingine. Akijibu, hata kwa mstari mmoja, mrudie ndani ya siku mbili. Kama hujamaliza kipimo alichokuagiza, mwambie hivyo na utaje siku utakayomaliza.